Zamani ya Mwaka Gani? Maleba, Mekapu na Lokesheni katika Filamu ya Kihistoria ya Wanafunzi

Kipande cha dakika mbili kinapandishwa mtandaoni. Wanafunzi wa chuo wameigiza kisa cha wakati wa Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda, wamepiga picha kando ya ziwa, na waigizaji wao wanajua wanachokifanya. Kisha maoni yanaanza kumiminika. "Kope hizo ni za 1978?" "Mbona nyuma inapita bodaboda?" "Hilo dumu la njano limetoka wapi?" Ukishuka kidogo tu, hakuna anayezungumzia kisa tena. Vijana nao wanajibu kwa hasira kwamba hawana bajeti ya kutengeneza zamani, na mjadala unafia hapo, kila upande ukiamini umeonewa.

Nimefuatilia mabishano ya namna hii kwa kazi nyingi za vijana wa Mwanza, na huniuma, kwa sababu mara nyingi hadithi zao zinastahili kusikilizwa. Ninachokiona ni kwamba pande zote mbili zinaamini kitu kimoja kisicho kweli: kwamba filamu ya kihistoria inasimama kwa fedha. Fedha husaidia, lakini makosa yanayochekwa kwenye maoni yale hayakutokana na ukata. Kubandua kope za bandia ni bure. Kusogeza dumu pembeni ni bure. Kilichokosekana ni uamuzi mmoja ambao ulipaswa kufanywa kabla ya kamera kuazimwa.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Filamu ya kihistoria, kwa maana ninayoitumia hapa, ni filamu yoyote ambayo kisa chake kinatokea katika wakati uliopita unaotambulika. Si lazima imhusu mtemi au rais. Hadithi ya mama muuza samaki wa mwaka 1985 ni filamu ya kihistoria kamili. Maleba ni vyote anavyovaa mwigizaji: nguo, viatu, mkanda, saa, shanga, hata mkoba wa begani. Mekapu ni kazi yote inayofanyika kwenye ngozi, nywele na kucha, na ndani yake mna pia kuacha baadhi ya mambo bila kuyafanya. Lokesheni ni mahali mnapopigia picha, pamoja na vinavyoonekana nyuma ya mwigizaji na sauti zinazoingia kwenye maikrofoni. Mambo haya matatu hufundishwa kwa vipindi tofauti, lakini mtazamaji huyaona kwa wakati mmoja, na likikosewa moja, mawili yaliyobaki huacha kuaminika.

Uamuzi niliousema ni mwaka. Ukimwambia mgeni anayetoka Dodoma kwamba unaishi Mwanza, bado hujamwambia afike wapi. Anahitaji mtaa, kituo cha daladala, na nyumba ya ngapi kutoka kwenye kona. Neno "zamani" kwenye muswada wa filamu ni hivyo hivyo. Halimwelekezi fundi cherehani, halimwelekezi msusi, wala halimwelekezi anayetafuta lokesheni. Kila mmoja atakwenda kwenye zamani yake, na mkikutana siku ya kupiga picha mtakuwa na binti wa miaka ya 1970 anayeishi kwenye nyumba ya miaka ya 1930 na kupigiwa ngoma za kikundi cha utamaduni cha leo.

Angalieni jinsi tabaka zilivyo nyingi hapa kwetu peke yake. Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Waingereza wakauchukua mji mwaka 1916. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na kuanzia hapo mji ukawa na sura nyingine, wa maghala, makarani na maduka ya Wahindi. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba viliungana kuwa shirikisho kubwa la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa nguzo yake, na fedha ya pamba ikaonekana migongoni mwa watu: baiskeli, redio, mashati meupe. Uhuru ulikuja 1961. Vita vya Kagera vilianza mwishoni mwa 1978. Kila mojawapo ya nyakati hizi ina kiatu chake na taa yake.

Wengine hudhani nikisema mwaka mmoja ninatia chumvi, kwamba muongo unatosha. Chukueni 1978 na 1983. Ni miaka mitano tu. Mwaka 1978, kabla ya vita, kijana wa mjini aliweza kuvaa bugaluu, suruali iliyo pana chini, ya kitambaa cha tetroni na viatu vya raizoni vyenye soli nene akaenda dansini. Kufikia 1983 nchi ilikuwa kwenye uhaba mkubwa: nguo zilipatikana kwa foleni na kwa mgao, sabuni ilikuwa adimu, na ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Kola iliyogeuzwa ili upande uliochakaa uende ndani, shati jeupe lililopauka kuwa la maziwa, kanga moja iliyokatwa kuwa gauni la mtoto, hivyo ndivyo vilivyoisimulia 1983. Mkimvika mhusika wa 1983 bugaluu jipya linalong'aa, mmemgeuza mlanguzi bila kujua.

Nitaushika mfano mmoja ili tusipotee. Tuseme muswada wenu unamhusu binti wa sekondari hapa Mwanza, Novemba 1978, ambaye kaka yake ameitwa vitani. Nyumbani wako na mama na babu yao mzaa mama. Sasa tuwavike.

Kosa ambalo wanafunzi makini zaidi ndio hulifanya ni kumvika kila mtu nguo za mwaka ule ule. Watu hawaishi hivyo. Babu aliyezaliwa mwaka 1910 hakwenda kununua bugaluu mwaka 1978. Atakuwa na koti zito alilolipata enzi za Mwingereza, kanzu ya sikukuu, na pengine kofia aliyoizoea miaka 20. Mama atakuwa na kanga, kitenge kimoja cha kutokea, na gauni lililoshonwa wakati wa uhuru ambalo sasa ni la shambani. Binti ana sare ya shule na gauni moja. Kaka ndiye pekee anayevaa 1978 yenyewe. Familia ikipangwa hivi, mtazamaji anaona umri na kipato kabla mtu hajafungua mdomo, na ninyi mmehitaji kushonesha vazi moja tu la kipekee. Mengine yako kwenye masanduku ya bibi zenu.

Hapo kwenye masanduku ndipo utafiti unapoanza, nako kuna mtego. Albamu za familia ni hazina, lakini picha nyingi za miaka ile zilipigwa studio, na mtu alikwenda studio akiwa amevaa nguo bora kuliko zote, wakati mwingine hata ya kuazima. Saa ya mkononi imevutwa mbele ionekane, redio imewekwa mapajani. Mkiinakili picha hiyo kuwa vazi la kuchotea maji, mmekosea. Nendeni na picha kwa mwenyewe, mwamkieni, kaeni chini. Ukianza na "Shikamoo bibi" au "Mwangaluka" ya Kisukuma na ukawa na muda, utapata mengi, ila usimuulize "zamani mlikuwa mnavaaje?" Atakujibu "tulivaa vizuri, siyo kama ninyi," na hapo hujapata kitu. Muulize jambo la siku moja: Bibi, siku uliyompeleka mtoto hospitali Bugando ulivaa nini miguuni? Kanga ulizifunga vipi ulipokuwa unatembea mbali? Fedha uliiweka wapi? Kwenye pindo la kanga, atasema, na atakuonyesha fundo lenyewe kwa vidole vyake. Fundo hilo lina thamani kuliko vazi la kukodi.

Kwenye kununua, soko la Mlango Mmoja lina kila kitu, lakini kumbukeni kwamba mitumba ilijaa mitaani baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Fulana yenye maandishi ya chuo cha Marekani haina nafasi kwa kijana wa 1978. Tafuteni mashati yasiyo na maandishi, yenye kola pana na ncha ndefu, na suruali ambazo fundi anaweza kuongeza kipande chini ya goti ziwe bugaluu. Viatu ndivyo vinavyosahaulika kuliko vyote. Kandambili za raba zilikuwepo, katambuga za tairi zilikuwepo, na wengi walitembea peku. Yeboyebo za plastiki zilikuja baadaye sana. Mwigizaji asipokuwa na kiatu sahihi, mpigieni picha kuanzia magotini kwenda juu, au avue.

Kanga isomwe kabla haijavaliwa. Ikiwa na nembo ya chama, hakikisheni ni cha wakati huo: TANU na ASP ziliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, kwa hiyo kwa hadithi yetu nembo ya CCM inafaa, lakini kwa hadithi ya 1965 ni kichekesho. Kanga mpya ya dukani ina wanga, inasimama kama karatasi na kung'aa mbele ya taa. Ifueni mara kadhaa, ianikeni juani, ifungeni na kuifungua. Nguo nyeupe zilizo nyeupe mno hutulizwa kwa kulowekwa kwenye chai ya rangi. Uchakavu huwa na mahali pake: kola, viwiko, mfuko unaoingia mkono kila mara, pindo linaloburuzika. Msasa mwepesi kwenye maeneo hayo unatosha. Kuichana nguo ovyo na kuipaka udongo humfanya mhusika aonekane kama ametoka kwenye ajali. Maskini wa zamani alikuwa msafi kadiri alivyoweza. Alishona viraka kwa uangalifu, na kuonyesha kiraka kilichoshonwa vizuri ni kumheshimu.

Kuna imani mbili hapa ambazo lazima niziguse. Ya kwanza ni kwamba kadiri unavyorudi nyuma ndivyo watu walivyovaa ngozi tu. Ngozi zilivaliwa, ndiyo, lakini misafara ya biashara ilileta vitambaa Usukuma kabla Mjerumani hajafika: merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyokuja kwa meli za Wamarekani hadi Zanzibar, na kaniki nyeusi. Pamoja nazo zilikuja shanga na nyaya za shaba. Mtu wa miaka ya 1880 kando ya ziwa angeweza kuwa na ngozi na merikani siku moja. Imani ya pili ni kwamba mavazi ya ngoma ndiyo mavazi ya zamani. Manyoya, njuga na vitambaa vya rangi vya vikundi vya ngoma ni mavazi ya uchezaji, yaliyobuniwa yaonekane kwa mbali uwanjani. Mkiyavika wanakijiji wanaolima, mmewageuza wachezaji waliopotea njia.

Sare za jeshi zinahitaji neno la onyo. Sheria za nchi zinakataza raia kuvaa sare za majeshi au zinazofanana nazo bila idhini, na Jeshi la Wananchi (JWTZ) limekuwa likionya hadharani mara kwa mara. Msijaribu kununua mabaka mtaani kwa kuwa "ni filamu tu". Muswada wetu unaweza kuepuka kabisa: wengi waliokwenda vita ile walitoka kwenye mgambo, na kaka anaweza kuagwa mlangoni akiwa na shati lake la kiraia na mfuko wa nguo. Vita tuisikie redioni. Kwa maoni yangu filamu ya namna hiyo ina nguvu zaidi kuliko ya vijana kumi wanaokimbia porini na bunduki za mbao.

Mekapu sasa. Kamera za leo, hata za simu, zinaona kila kinyweleo. Kwa hiyo kazi kubwa ya mekapu katika filamu ya kihistoria ni kuondoa. Kope za bandia, kucha za kubandika, nyusi zilizochongwa kwa wembe, wigi la nywele za Kihindi, ndevu zilizonyooshwa kwa mashine hadi zikawa na kona, mistari iliyochorwa kichwani na kinyozi: vyote hivi vinatangaza mwaka wetu kwa sauti kubwa. Na vingine haviondoki kwa siku moja. Nyusi zikishanyolewa hazirudi wikiendi. Ndiyo maana waigizaji waambiwe mapema, wakati wa kusoma muswada, waache nyusi na nywele ziote. Hili ni jambo la kwanza ningeliandika kwenye ujumbe wa kundi la filamu, kabla ya ratiba ya mazoezi.

Nywele ndizo zinazotaja mwaka kwa haraka kuliko nguo. Kwa binti wetu wa shule, nywele fupi zilizochanwa au mabutu ya uzi mweusi. Mama anaweza kusukwa twende kilioni na kufunga kitambaa juu. Kaka ana afro iliyochanwa ikajaa, au nywele fupi zenye njia upande mmoja. Msusi wa nywele za uzi hapatikani saluni kubwa. Ulizeni kwa akina mama wa mtaani, wapo wengi Kirumba na Igogo, na mlipeni kama fundi mwingine yeyote.

Hiyo haina maana kwamba watu wa zamani hawakujipamba. Wanja ulikuwepo, hina ilikuwepo, poda usoni na shingoni ilikuwepo, na mafuta ndiyo yaliyokuwa urembo mkuu. Miaka ya 1960 vipodozi vya kuchubua ngozi, mawigi na sketi fupi vilikuwa vimeenea kiasi cha Umoja wa Vijana wa TANU kuanzisha Operesheni Vijana ya kuvipiga marufuku Dar es Salaam kuanzia Januari 1969. Kwa hiyo mhusika mwenye wigi mwaka 1968 si kosa. Ni msimamo, na hadithi inapaswa kujua hivyo.

Ngozi ya mwigizaji iachwe rangi yake. Nasisitiza hili kwa sababu wapaka mekapu wengi wamezoea harusi, ambako uso hupakwa rangi hatua mbili juu ya shingo. Mbele ya kamera, chini ya jua la Mwanza, uso huo hugeuka kijivu. Kinachohitajika ni poda kidogo ya kupunguza mng'ao pale mnapotaka, na mafuta ya mgando au glisarini iliyochanganywa na maji kwa jasho pale mnapotaka jasho. Babu wa miaka 68 akiigizwa na kijana wa miaka 24, msimchore mistari ya penseli usoni. Itaonekana kama mistari ya penseli. Mtafuteni mzee wa kweli. Mitaa imejaa wazee wanaoweza kuigiza vizuri wakipewa heshima na kiti. Damu ya bandia hutengenezwa kwa sharubati nzito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ya kuitia giza. Isiguse macho, na kila mchanganyiko ujaribiwe kwanza mkononi kwa kila mwigizaji siku moja kabla, kwa sababu ngozi ya mtu ikivimba hakuna filamu.

Lokesheni ndiyo sehemu ambayo Mwanza imebarikiwa na pia inawaponza vijana. Miamba yetu haina umri wa kibinadamu. Jiwe la 1892 ni lile lile, na mkimweka mwigizaji mbele ya mwamba mkubwa mmeshapata karne yoyote mnayoitaka. Tatizo ni yaliyo juu ya miamba: nyumba zimepanda vilima vya Mabatini na Bugarika hadi kileleni, zikiwa na mabati ya rangi, madishi na matangi meusi ya maji. Picha pana ya mji kutoka ziwani, ambayo kila mwanafunzi huitamani, ndiyo inayoua filamu. Kaeni karibu. Tumieni lenzi ndefu ili kilicho nyuma kififie, na pandisheni au shusheni kamera hadi mwamba, mti au ukuta uzibe kinachosumbua. Hatua moja kushoto mara nyingi inafuta miaka 40.

Ziwa lenyewe hubadilika, na hili wengi hawalijui. Kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda zaidi ya mita mbili, yakameza fukwe na mashamba, na mwaka 2020 yakapanda tena hadi kiwango cha miaka ile. Maana yake ni kwamba ufukwe wa leo si ufukwe wa mwaka 1955. Wa wakati ule ulikuwa mbali zaidi, na mahali palipokuwa nchi kavu leo pana maji. Magugu maji nayo yalionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa hadithi ya Novemba 1978, ghuba iliyofunikwa na magugu maji haifai hata ikiwa inapendeza vipi. Samaki pia. Sangara alipandikizwa ziwani katikati ya karne ya 20, lakini mlipuko wake ulikuja miaka ya 1980. Mama wa 1978 akinunua samaki mwaloni, kwenye beseni lake kuwe na furu, ngege, ningu au kambare. Akibeba sangara wa kilo 10, wavuvi wote wa Kirumba watawaandikia. Na wavuvi wa leo mnaweza kuwaomba wasogeze mitumbwi yenye injini na taa za sola kwa dakika 20; zungumzeni na viongozi wa mwalo kwanza, msianze na kamera.

Mjini, majengo ya zamani ya Wahindi yenye ghorofa moja na vibaraza bado yapo katikati ya mji, na baadhi yameandikwa mwaka kwenye paji la ukuta. Soma mwaka huo kabla hujaweka kamera. Chini kutakuwa na mabango ya mitandao ya simu na ya kutuma fedha, kwa hiyo pigeni picha juu ya usawa wa mlango, au ndani, kwenye ngazi na madirisha ya mbao. Juu ya kilima kuna gofu la jumba la Wajerumani linaloitwa Gunzert. Tahadhari: ni gofu leo. Mwaka 1910 lilikuwa na paa na chokaa, kwa hiyo afisa wa Kijerumani akiishi kwenye gofu atamchekesha kila mtu. Jumba hilo linafaa kwa hadithi ambayo ndani yake tayari limeachwa. Kwa Usukuma wa kale wengi hukimbilia makumbusho ya Bujora, Kisesa, kwa sababu nyumba za msonge zipo tayari. Ni mahali pazuri pa kujifunza, na wahifadhi wake wanajua mambo mengi, lakini nyumba za makumbusho hujengwa kuonyesha. Hazina moshi ukutani, majivu mlangoni wala njia iliyokanyagwa na ng'ombe. Ombeni kuzitumia kwa ndani na kwa ukaribu, na uhai wa nyumba mlete wenyewe.

Meli ni kishawishi kingine. MV Victoria ilianza safari zake mwaka 1961, na chombo hicho hicho bado kinasafiri, lakini tangu ukarabati uliokamilika 2020 kina jina jipya. Kaka akiagwa bandarini, kamera ikae kwenye mikono iliyoshika chuma cha ukingo na honi isikike. Kwenye kivuko cha Busisi hali imebadilika zaidi: daraja la Kigongo–Busisi, lenye kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025 na linaonekana kutoka kila upande. Anayetaka pantoni la zamani atafute pembe ambayo daraja liko nyuma ya mgongo wa kamera.

Majira nayo yana ukweli wake. Novemba Mwanza ni mwezi wa mvua, nyasi mbichi na matope. Vyuo vikifunga, mna Agosti, nyasi za kahawia na vumbi. Ama mbadilishe mwezi wa tukio, ama mpigie picha ndani, kwenye miamba, na jioni. Jua letu hutoka takriban kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, na saa moja ya kwanza ina mwanga laini, pikipiki chache na kelele kidogo. Hapo ndipo sauti inapookolewa. Bodaboda zilijaa mijini baada ya 2008. Muungurumo wake ukisikika nyuma ya maneno ya mama wa 1978, kanga na mabutu yote yamepotea bure.

Ndani ya nyumba kuna orodha fupi ya wasaliti: kiti cha plastiki, swichi mpya ya umeme, dirisha la alumini, dumu la njano, na televisheni. Bara haikuwa na vituo vya televisheni hadi 1994, kwa hiyo sebule ya 1978 iitazame redio. Maji yako kwenye debe la bati au mtungi, taa ni chemli au koroboi, na picha ya Mwalimu Nyerere iko ukutani ikiwa imening'inia juu, karibu na dari, imeinama mbele kidogo kama inawaangalia waliokaa.

Na msitegemee kugeuza picha kuwa ya kahawia au nyeusi na nyeupe kwenye programu ya kuhariri. Watu wa 1978 waliishi kwenye rangi. Kitenge chao kilikuwa chekundu kweli kweli. Rangi ya kahawia haiwezi kuficha kucha za kubandika.

Kuhusu vibali, anzeni mapema. Upigaji wa filamu unasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Chukueni barua ya chuo, pitieni kwa afisa utamaduni wa halmashauri awaelekeze, kisha mjulisheni mwenyekiti wa mtaa husika. Bandari, vivuko, stesheni na madaraja yana ulinzi na taratibu zake. Msipige picha huko kwa kujificha, maana kamera ikichukuliwa siku ya kwanza hamna siku ya pili.

Kama muda na fedha ni kidogo, na huwa ni kidogo, fuateni jicho la mtazamaji. Litatua usoni kwanza, halafu nywele, halafu mikono, halafu kitu angavu kuliko vyote nyuma ya mwigizaji. Miguu na kona za chumba vifuate. Kabla ya siku yenyewe mvikeni kila mwigizaji nguo kamili, mpelekeni kwenye lokesheni halisi kwa saa ile ile mtakayopigia, mpigeni picha kwa simu, mbele na nyuma. Kisha pelekeni picha hizo kwa mtu aliyekuwa mtu mzima mwaka huo. Kwa 1978 bado wako wengi, wa miaka 65 na kuendelea, na hawahitaji maelezo marefu. Akicheka, muulizeni anacheka nini, mrekebishe, mrudi tena na picha nyingine.